Uvimbe Unaorudi Kila Unapokatwa: Tuiulize Damu Kabla ya Kumlaumu Mama

 

Katika kamati za misikiti tumezoea kupokea barua za kuomba michango ya matibabu. Wiki hii tunaomba tuzungumze juu ya maradhi ambayo ni machache sana duniani, lakini yakiingia katika nyumba huleta mambo matatu kwa pamoja: maumivu kwa mtoto, gharama kwa baba na lawama kwa mama. Ni uvimbe mgumu unaoota kwenye nyonga, kiwiko au bega, wakati mwingine kuanzia utotoni, ukakua polepole bila ya homa. Hospitali huukata, jeraha likapona, na baada ya miezi au miaka uvimbe ukarudi pale pale. Hapo ndipo minong'ono inapoanza. Wako watakaosema mtoto amerogwa, na wako watakaosema ukoo wa mkewe fulani haukuwa safi. Sisi tunasema kwamba kabla ya minong'ono hiyo, na kabla ya kisu cha pili, iko shahidi ambayo haijaulizwa, nayo ni damu ya mtoto mwenyewe.

Maradhi haya madaktari huyaita kalsinosisi ya uvimbe, na aina tunayoikusudia leo ni ile ya kurithi inayoambatana na fosfeti nyingi katika damu. Fosfeti ni madini tunayoyapata katika chakula, nayo hushirikiana na kalsiamu kujenga mifupa na meno. Mahali pake pa haki ni mfupani. Ikizidi katika damu kwa muda mrefu, hushikana na kalsiamu na kutuama mahali pasipo pake, katika nyama laini zinazozunguka viungo, ikafanya donge mfano wa chokaa. Donge likipasuka ngozi hutoa uji mweupe kama chokaa iliyokorogwa. Si usaha, ingawa wengi huudhania hivyo, na si saratani, ingawa ukubwa wake huwatisha watu.

Si maradhi mapya. Mwaka 1899 tabibu wa Kifaransa aitwaye Duret alieleza habari za dada na kaka yake waliokuwa na madonge ya namna hii, na jina linalotumika hadi leo lilitolewa na Alberto Inclán wa Cuba mwaka 1943. Lakini sababu yake ilibaki imefichika mpaka mwaka 2004, wataalamu walipochunguza ukoo mmoja wa Kidruzi na mwingine wa Wamarekani wenye asili ya Afrika, wakakuta hitilafu katika jeni moja iitwayo GALNT3. Mwaka 2005 ikajulikana jeni ya pili, FGF23, na mwaka 2007 ya tatu, Klotho.

Ili tuelewe damu inatoa ushahidi gani, hatuna budi kufahamu kwanza jinsi Mwenyezi Mungu alivyoupanga mwili. Mfupa haukuumbwa uwe nguzo tu ya kusimamia nyama. Fosfeti inapozidi, mfupa hutuma mjumbe katika damu aende kwenye figo. Mjumbe huyo ni homoni inayoitwa FGF23. Akifika, huiamuru figo itoe fosfeti iliyozidi kwa njia ya mkojo, na huiamuru pia ipunguze kutengeneza vitamini D iliyo tayari kwa kazi, kwa sababu vitamini hiyo huufanya utumbo uvute fosfeti zaidi kutoka katika chakula.

Safari ya mjumbe huyu ina hatari njiani, kwani mwili una vimeng'enya vinavyoweza kumkata vipande viwili. Kwa hiyo kabla hajatumwa hubandikwa sukari ndogo iliyo mfano wa muhuri wa kumlinda. Kazi ya jeni ya GALNT3 ni kuubandika muhuri huo. Jeni hiyo ikiharibika mjumbe hutoka bila ya ulinzi, akakatwa, na vipande vyake vikaelea katika damu bila ya kuwa na amri yoyote. Figo haipati habari, hivyo inaendelea kuirudisha fosfeti mwilini kana kwamba hakuna kilichozidi. Katika aina ya pili mjumbe mwenyewe ameumbika kwa kasoro, na mwisho wake ni ule ule. Katika aina ya tatu mjumbe anafika akiwa mzima, lakini mlango wa kumpokea, ambao ni Klotho, haufunguki.

Sasa tuisome damu. Alama ya kwanza ni fosfeti yenyewe. Kwa mtu mzima kiwango cha kawaida hukaribia milimoli 0.8 hadi 1.5 katika lita moja, au miligramu 2.5 hadi 4.5 katika desilita moja kwa maabara zinazotumia kipimo hicho. Kwa watoto kiwango cha kawaida huwa juu zaidi, kwa kuwa mifupa yao inakua, na kwa sababu hiyo jibu la mtoto lisilinganishwe na la baba yake bali lisomwe kwa umri wake. Kipimo hiki ni cha kawaida katika hospitali zenye maabara ya kemia ya damu, wala si kitu cha kusafiri nacho ng'ambo.

Alama ya pili ni kreatinini, inayoonyesha hali ya figo. Hii ni lazima iende pamoja na ya kwanza, kwani mtu ambaye figo zake zimeshindwa kazi naye hupandisha fosfeti na anaweza kuota madonge kama haya, na maradhi ya figo ni mengi zaidi kuliko maradhi tunayoyazungumzia. Fosfeti ikiwa juu na figo zikiwa nzima, hapo ndipo daktari anapokuwa na haki ya kufikiria maradhi ya kurithi. Alama ya tatu ni kalsiamu, ambayo mara nyingi hukutwa katika kiwango chake. Ya nne ni ile vitamini D iliyo tayari kwa kazi. Mwili wenye fosfeti nyingi ungetarajiwa kuipunguza vitamini hiyo, lakini kwa wagonjwa hawa huwa juu, au huwa katika kiwango cha kawaida pale ambapo ingepasa kushuka.

Alama ya tano ndiyo ya mjumbe mwenyewe, na hupimwa kwa njia mbili: kuhesabu wajumbe waliofika wazima, na kuhesabu vipande. Katika aina ya kwanza na ya pili wazima huwa wachache na vipande huwa vingi mno. Katika aina ya tatu wote wawili huwa wengi. Kipimo hiki hakifanywi katika maabara za kila siku, lakini daktari bingwa anaweza kukiombea njia, pamoja na kipimo cha jeni ambacho ndicho kinachokata shauri. Hata hivyo tunawasisitizia wasomaji kuwa mlango wa kuingilia ni vile vipimo viwili vya mwanzo, fosfeti na kreatinini. Bila ya hivyo viwili hakuna atakayewaza kutafuta vingine.

Damu nayo ina adabu zake, na shahidi akihojiwa vibaya hutoa ushahidi wa uongo. Fosfeti nyingi imo ndani ya chembe za damu. Chupa ikitikiswa hovyo, chembe zikapasuka, au damu ikiachwa saa nyingi kabla ya kutenganishwa maabara, fosfeti ile huvuja na jibu likapanda pasipo sababu. Chakula na saa ya siku pia hubadilisha kipimo. Kwa hiyo ni vyema damu itolewe asubuhi kabla ya kula, na jibu la juu lirudiwe mara nyingine kabla ya kumpa mtoto jina la ugonjwa. Kwa wenye kuuliza habari za Ramadhani, madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu katika mwambao tunayafuata, hayahesabu kutoa damu kuwa ni kubatilisha saumu. Aliyefunga anaweza kupimwa naye akaendelea na saumu yake, maadamu hakudhoofika.

Tukija kwenye lawama, ndugu zetu, hapa ndipo kalamu yetu ilipokusudia kufika. Aina zote tatu za maradhi haya hurithiwa kwa namna moja: mtoto haugui mpaka apokee jeni iliyoharibika kutoka kwa baba na nyingine iliyoharibika kutoka kwa mama. Mwenye moja tu ni mzima, hana uvimbe, na anaweza kuishi hadi uzeeni bila ya kujua kuwa ameibeba. Mume na mke wote wawili wakiwa wabebaji, katika kila mimba mna uwezekano mmoja katika minne wa mtoto kuugua, miwili katika minne wa kuwa mbebaji mzima kama wazazi wake, na mmoja katika minne wa kutokuwa na kitu kabisa. Tena hesabu hii huanza upya kila mimba. Asidhani mtu kwamba akishazaliwa mmoja mgonjwa basi watatu wanaofuata wamesalimika.

Maana yake ni wazi. Mume anayemwambia mkewe kuwa maradhi haya yametoka kwao anasema nusu ya habari na kuificha nusu nyingine. Lau kama yeye mwenyewe hakuibeba jeni ile, mtoto asingeugua. Mama hakuleta peke yake, baba hakuleta peke yake, na hakuna kati yao aliyetenda kosa, kwa kuwa hakuna aliyechagua alichopewa tumboni mwa mamake.

Tunakumbuka katika mafunzo ya Mtume wetu (S.A.W.) kisa kilichopokewa na Abu Huraira (R.A.), nacho kimo katika Bukhari na Muslim. Bedui mmoja alimjia Mtume akiwa na shaka juu ya mkewe kwa sababu amezaa mtoto ambaye rangi yake haikufanana na walivyotarajia. Mtume hakumkaripia wala hakuikubali shaka yake. Alimuuliza habari za ngamia wake na rangi zao, na kama miongoni mwao yumo mwenye rangi tofauti na wenziwe. Bedui akakiri kuwa wamo, na alipoulizwa wametoka wapi, akasema mwenyewe kuwa huenda ni asili ya zamani iliyowavuta. Basi Mtume akamfahamisha kuwa na mtoto wake huenda ni hivyo hivyo. Wanavyuoni wamechukua katika kisa hiki kuwa haifai kumtuhumu mke kwa dhana tu. Nasi tunaongeza kuwa bedui yule alifundishwa kuangalia kilicho mbele yake, yaani zizi lake, kabla ya kuivunja nyumba yake. Leo kilicho mbele yetu ni karatasi ya maabara.

Liko swali ambalo tunajua litaulizwa: je, tuache kuoana watoto wa ami na wa shangazi? Jawabu ni kuwa sheria imeruhusu ndoa hiyo, na kilichoruhusiwa hatuna mamlaka ya kukiharamisha. Lakini kuruhusiwa si kuamrishwa. Watoto wa ndugu wana babu na bibi wamoja, kwa hiyo kama babu alibeba jeni iliyoharibika, ni rahisi zaidi wajukuu wake wawili kuwa nayo kuliko watu wawili waliokutana kutoka koo za mbali. Familia ambayo haina historia ya maradhi kama haya haina haja ya kuishi kwa hofu. Familia ambayo tayari imepata mtoto mmoja mgonjwa, kisha ikaletewa posa ya ndani kwa ndani, ina haki na wajibu wa kutafuta ushauri wa daktari wa mambo ya kurithi kabla ya kukata maneno. Na ifahamike kuwa kipimo cha fosfeti hakimfichui mbebaji, kwani damu yake kwa kawaida ni kama ya watu wote. Mbebaji hujulikana kwa kipimo cha jeni tu.

Jambo lenye faida ya haraka zaidi ni kuwapima ndugu wa mgonjwa. Fosfeti inaweza kuwa juu miaka kadhaa kabla ya donge la kwanza kuonekana. Basi mtoto mmoja akithibitika, ndugu zake wa baba na mama wapelekwe hata kama wanacheza mpira na hawalalamiki. Mzazi aangalie pia ishara nyingine: daktari wa meno akishangaa kuona mizizi ya meno mifupi na iliyovimba, au mtoto akiumwa na mfupa wa muundi na kutibiwa mara kwa mara kama mwenye mfupa ulioingiwa na wadudu bila ya kupata nafuu, hayo yasemwe kwa daktari pamoja na habari ya uvimbe. Mara nyingi kila tabibu huona kipande chake, na mwenye kisa kizima ni mama.

Ama tiba, tusiwadanganye watu: dawa ya kuing'oa asili ya maradhi haya bado haijapatikana. Lakini kuna mengi ya kufanya. Daktari huweza kuagiza chakula chenye fosfeti kidogo, dawa zinazomezwa pamoja na chakula ili ziikamate fosfeti tumboni kabla haijaingia katika damu, mfano wa sevelama, na dawa ya asetazolamaidi inayosaidia kuitoa kwa mkojo. Kisu nacho kina nafasi yake pale donge linapouma, linapozuia kiungo kujongea au linapochimbika kidonda. Lakini kukata bila ya kuishughulikia fosfeti ni kukausha sakafu na bomba limeachwa wazi. Na kuchanja chale juu ya donge ni kuifungulia mlango sumu ya vidonda.

Jikoni, mama ajue kuwa fosfeti imo kwa wingi katika maziwa na jibini, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maini, karanga na maharage, na imeongezwa viwandani katika soda nyeusi na katika nyama za kusindikwa kama soseji. Hii ya viwandani ndiyo inayoingia mwilini kwa wepesi zaidi, na ndiyo rahisi kuiacha. Mengine yapunguzwe kwa kipimo cha mtaalamu wa lishe, kwa kuwa mtoto bado anahitaji kukua. Wala ndugu zake wazima wasinyimwe maziwa kwa ajili yake. Vidonge vya vitamini D na vya kalsiamu, ambavyo watu hununua kwa nia njema ya kuimarisha mifupa, mgonjwa huyu asipewe ila kwa amri ya daktari. Mwenye kumeza dawa pamoja na chakula, akitaka kufunga Ramadhani, amuulize daktari wake mapema namna ya kuzigawa baina ya futari na daku.

Wako watakaosema kuwa mambo ya ukoo hayatangazwi. Nasi hatutaki yatangazwe. Jibu la maabara ni amana, na mwenye kulisikia sokoni kabla ya wahusika amedhulumiwa nalo. Lakini kuna tofauti baina ya kusitiri na kuficha. Kusitiri ni kumlinda mgonjwa na ndimi za watu. Kuficha ni kumnyima dada wa baba habari itakayomwokoa mwanawe, au kunyamaza katika posa wakati muulizaji anauliza kwa haki. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Aliyeulizwa ushauri aseme kweli kwa kadiri ya haja, kisha anyamaze. Na mizozo ya ndoa itakayozuka ipelekwe kwa kadhi, isihukumiwe barazani.

Na wale wanaomsomea mgonjwa Qur'ani na dua, waendelee, kwani hilo ni jema na lina utulivu wa moyo. Halipingani na sindano ya maabara. Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza kujitibu, na kutafuta sababu ni sehemu ya kutawakali. Kinachopinga dini ni kumtaja jirani au wifi kuwa ndiye aliyetuma uchawi, pasina ushahidi wowote isipokuwa donge la chokaa.

Tunamalizia kwa pendekezo kwa kamati za misikiti na vikundi vya akina mama. Barua ya kuombea mchango wa upasuaji wa uvimbe uliokwisha kurudi inapoletwa, tumuulize mwenye mgonjwa kwa upole: je, fosfeti na figo zimepimwa? Ikiwa bado, fedha za kwanza za mchango ziende huko. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya upasuaji, na huenda ikampa daktari njia ambayo hakuwa ameiona. Ikiwa jibu ni la kawaida, hatukupoteza kitu, kwani kuna aina nyingine za uvimbe na daktari ataendelea kutafuta. Ikiwa jibu ni la juu, mtoto amepata jina la ugonjwa wake, ndugu zake wamepata tahadhari, na mama yake ameondolewa tuhuma ambayo hakuistahiki.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na azilinde ndimi zetu na kudhulumu. Wabillahi tawfiq.